Densiti, presha na barafu: fomula ninazo ila swali likija sijui pa kuanzia

tone_la_mvua:

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa fizikia. Fomula za hii mada zote zipo kichwani, densiti ni masi gawanya kwa ujazo, presha ni kani gawanya kwa eneo, presha ndani ya kimiminika ni densiti mara g (mvutano wa dunia, nyutoni kwa kila kilo) mara kina, joto ni masi mara joto mahususi (joto la kupandisha kilo moja kwa nyuzi moja) mara badiliko la jotoridi. Ukiniuliza moja moja nakutajia. Shida inaanza nikipewa swali la maneno, hapo sijui nishike ipi. Haya matatu ndo yananisumbua sasa hivi.

La kwanza: kipande cha metali kimening'inizwa kwenye mizani ya springi, hewani mizani inasoma nyutoni 5.4, kikizamishwa chote kwenye maji inasoma nyutoni 3.4, tafuta densiti ya metali. Masi naipata, ujazo sijapewa popote.

La pili: tangi lina maji yenye kina cha mita 2 na juu ya maji kuna tabaka la mafuta la nusu mita, densiti ya mafuta ni kilo 800 kwa mita ya ujazo. Tafuta presha kwenye sakafu ya tangi. Hapa tatizo ni presha ya hewa, kuna mifano wanaijumlisha na kuna mifano wanaiacha na hawasemi kwanini.

La tatu: gramu 100 za barafu ya nyuzi hasi 10 zimetiwa kwenye gramu 200 za maji ya nyuzi 30, chombo hakipitishi joto, tafuta jotoridi la mwisho. Nikiandika joto lililopotea ni sawa na joto lililopokelewa inakuja hasi 8.2, majibu nyuma ya kitabu yanasema sifuri. Nimerudia hesabu namba ni zilezile.

fundi_namba:

Mkuu fomula unazijua, hazina shida. Kitu kinachokosekana ni kwamba kila herufi ndani ya fomula ina mwenyewe, na swali halikutajii mwenyewe ni nani mpaka umtafute. Ukiona densiti jiulize densiti ya nani, ya kitu au ya kimiminika? Ukiona ujazo jiulize ujazo wa nani, wa kitu chote au wa sehemu iliyozama tu? Watu wengi wanaweka namba sahihi kwa mwenyewe asiye sahihi, ndo maana hesabu inatoka vizuri kabisa alafu jibu ni la ajabu.

Tuchukue la kwanza. Hewani 5.4, majini 3.4, zimepotea nyutoni 2. Hazijapotea kweli, maji ndo yanasukuma kipande kwenda juu kwa nyutoni 2, huo ndo msukumo wa juu. Archimedes anasema msukumo huo ni sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa pembeni. Kwahiyo nyutoni 2 ni uzito wa MAJI, sio wa metali, hapo densiti unayotumia ni ya maji, 1000. Nikichukua g ni 10, ujazo ni 2 gawanya kwa (1000 mara 10), unapata mita za ujazo 0.0002. Huo ni ujazo wa maji yaliyosukumwa, na kwakuwa kipande kimezama chote basi ndo ujazo wa metali pia. Sasa hamia kwa metali: uzito 5.4 maana yake masi ni kilo 0.54, gawanya kwa 0.0002 unapata 2700. Hiyo ni aluminiamu.

Umeona kwamba ujazo ulikuwa umepewa tangu mwanzo, ila umefichwa ndani ya tofauti ya mizani. Hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu, kazi yote ilikuwa kujua zile nyutoni 2 ni za nani.

Kisiki:

Kuna njia fupi hapo, 5.4 gawanya kwa 2.0 unapata 2.7, zidisha kwa 1000 umemaliza. g yenyewe inajifuta.

Mama_Maabara:

Kisiki ni kweli kabisa, na inapendeza kuona kwanini g inajifuta, ipo juu na ipo chini. Ila mwanangu tone_la_mvua usiichukue hiyo njia kabla hujaielewa ya fundi_namba, maana ina masharti mawili. Kitu kiwe kimezama chote, na ile 1000 ya mwisho ni densiti ya kimiminika kilichotumika. Wakibadilisha maji wakaweka mafuta ya 800, kipande hichohicho kitasukumwa kwa nyutoni 1.6 na mizani itasoma 3.8. Ukichukua 5.4 gawanya kwa 1.6 unapata 3.375, ukizidisha kwa 1000 kwa mazoea unasema metali imekuwa na densiti 3375, wakati ukizidisha kwa 800 unarudi kwenye 2700 yako. Metali haibadiliki kwasababu umebadilisha kimiminika.

Sasa la tatu, hili nalipenda sana kwasababu linafundisha kufikiri kabla ya kuandika mlinganyo. Mlinganyo wako una sentensi ndani yake ambayo hukuikusudia. Ulipoandika barafu inapanda mpaka sifuri, inayeyuka YOTE, alafu maji yake yanapanda mpaka jotoridi la mwisho, tayari umeshaamua kwamba barafu yote imeyeyuka. Nani amekwambia? Swali halijasema. Mlinganyo unakutii tu, unatafuta namba itakayofanya mambo yalingane hata kama kwa hali halisi haiwezekani, ndo unapata maji ya nyuzi hasi 8.2, yani kimiminika kilichotulia chini ya sifuri pamoja na barafu yote kuyeyuka. Hiyo hasi inakuambia ulichodhania mwanzo hakikutokea.

Fanya hivi, usiandike mlinganyo kwanza, weka hesabu ya mapato na matumizi ya jouli. Maji ya nyuzi 30 yakishuka mpaka sifuri yanatoa kiasi gani? 0.2 mara 4200 (joto mahususi la maji) mara 30, jouli 25200. Hicho ndo kiasi chote ulichonacho. Barafu inadai nini? Kwanza kupanda kutoka hasi 10 mpaka sifuri, na hapo joto mahususi ni la barafu sio la maji, 2100, kwahiyo 0.1 mara 2100 mara 10 ni jouli 2100. Lipa, zimebaki 23100. Pili inadai kuyeyuka, joto fiche la barafu, yani la kuiyeyusha bila jotoridi kupanda, ni jouli 334000 kwa kilo, gramu 100 zinataka 33400. Hazitoshi! Umebakiwa na 23100 tu. Basi inayeyuka kadiri ya ulichonacho, 23100 gawanya kwa 334000, kama gramu 69. Gramu 31 hivi zinabaki barafu, inaelea kwenye gramu 269 za maji, na barafu na maji vikikaa pamoja vimetulia kwenye presha ya kawaida ya hewa jotoridi ni sifuri. Jibu la kitabu hilo, na umepata zaidi ya kitabu kwasababu unajua na kiasi cha barafu kilichobaki.

Jaribu mwenyewe kwa gramu 50 za barafu badala ya 100, uone jouli zinatosha au hazitoshi.

tone_la_mvua:

Aisee Mama shikamoo, sasa naona. Nimejaribu ya gramu 50: kupanda 1050, kuyeyuka 16700, jumla 17750, zilizopo 25200, kwahiyo zinatosha na zinabaki 7450. Hizo zinapandisha maji yote gramu 250 kutoka sifuri, 7450 gawanya kwa 1050 ni nyuzi 7.1. Sawa?

Na je nikipata hasi kwenye maswali ya barafu siku zote nijue jibu ni sifuri?

Mama_Maabara:

Marahaba mwanangu. 7.1 ni sahihi.

La hasi hapana, usilifanye kanuni. Chukua gramu 500 za barafu ya nyuzi hasi 20 na gramu 50 tu za maji ya nyuzi 5. Barafu ili ifike sifuri inadai 0.5 mara 2100 mara 20, jouli 21000. Maji yakishuka mpaka sifuri yanatoa 1050 tu. Barafu haijafika sifuri bado, kwahiyo maji yanaanza kuganda, na yakiganda nayo yanatoa joto fiche, 0.05 mara 334000, jouli 16700. Jumla 17750, bado chini ya 21000. Hapa kila kitu kinaishia kuwa barafu, na upungufu wa 3250 unagawanywa kwa 0.55 mara 2100, jotoridi la mwisho ni kama nyuzi hasi 2.8. Hasi halali kabisa. Kwahiyo cha kuangalia sio alama ya kutoa, ni kama hali uliyoidhania mwanzoni inakubaliana na jibu ulilopata mwishoni. Jibu chini ya sifuri lazima liende na barafu tupu, jibu juu ya sifuri liende na maji tupu, sifuri yenyewe ndo inaruhusu mchanganyiko.

Mvuke nao ni hivyohivyo ila namba zake ni kubwa mno, kilo moja ya mvuke wa nyuzi 100 ikigeuka maji inatoa karibu jouli 2260000. Gramu 10 tu zinatoa 22600 kabla hata hazijaanza kupoa, ndo maana mvuke unaunguza kuliko maji yanayochemka ya jotoridi lilelile.

Nyenyere:

Naona la pili limeachwa ngoja nilibebe mimi. Kwanza namba. Juu kabisa kuna hewa, alafu mafuta, alafu maji. Kila tabaka linachangia kwa densiti YAKE na unene WAKE (fundi_namba kashasema kila herufi ina mwenyewe): mafuta 800 mara 10 mara 0.5 ni paskali 4000, maji 1000 mara 10 mara 2 ni paskali 20000, jumla 24000. Usijumlishe kina kuwa 2.5 alafu ukazidisha kwa densiti moja, na usitafute wastani wa densiti mbili, hapo hakuna cha wastani. Hiyo 24000 ni presha ya vimiminika peke yake. Presha yote kwenye sakafu ni hiyo pamoja na ya hewa, ambayo usawa wa bahari ni takriban 101000, kwahiyo kama 125000.

Sasa lini unajumlisha na lini unaacha. Mimi najiuliza swali moja tu, upande wa pili kuna nini? Presha ya hewa haiko juu ya tangi tu, inabana kila kitu kutoka pande zote. Wakikuuliza kani inayosukuma mlango wa ubavuni mwa tangi kwenda nje, na nje ya mlango kuna hewa ya kawaida, basi hewa iliyo juu ya maji inasukuma mlango utoke na hewa ya nje inausukuma urudi, zinafutana, unabaki na ya kimiminika tu. Hapo unaacha. Lakini kama upande wa pili ni ombwe, yani hakuna hata hewa, hakuna kitu cha kufuta, unajumlisha. Wakisema "presha kwenye nukta fulani" bila kutaja upande wa pili, au "presha halisi", jumlisha. Wakisema presha inayosomwa na geji, acha, maana geji ya kawaida inaonyesha ziada juu ya hewa, ndo maana geji ya tairi lisilo na upepo inasoma sifuri na wakati ndani ya tairi kuna hewa ya paskali laki moja.

Na swali likiwa na gesi ndani yake usiache kamwe. Povu la hewa likiwa chini ya maji mita 10, presha ya maji ni kama 100000, ukiongeza ya hewa inakuwa kama 200000. Likipanda mpaka juu jotoridi likiwa lilelile presha inarudi 100000, imepungua nusu, ujazo wa povu unakuwa mara mbili. Ukisahau hewa, juu ya maji presha ni sifuri na povu linatakiwa kuwa na ujazo usio na mwisho. Kwenye gesi pia jotoridi liwe la kelvini, wakati kwenye hesabu za Mama_Maabara nyuzi za selsiasi zinatosha kwasababu pale unatumia tofauti tu na tofauti ni ileile.

Mimi hii habari ya uzito wa hewa naiheshimu sana. Zamani watu walijua pampu ya kuvuta haiwezi kupandisha maji zaidi ya kama mita 10 hata uitengeneze vizuri vipi, na maelezo yalikuwa mengi. 1643 mwanasayansi wa Italia, Torricelli, akaja na zebaki, bomba la kioo lililozibwa upande mmoja, limejazwa na kupinduliwa ndani ya bakuli, zebaki ikashuka ikasimama kwenye kimo cha kama milimita 760. Piga hesabu: 13600 mara 9.8 mara 0.76 unapata karibu 101300. Alafu gawanya hiyo kwa 1000 mara 9.8 uone maji yangesimama kimo gani, mita 10.3. Pampu haivuti maji, inaondoa hewa iliyo juu yake na hewa ya nje ndo inayasukuma yapande, ikimaliza nguvu zake kwenye mita 10 basi. Ukilielewa hilo swali la "upande wa pili kuna nini" halitakusumbua tena.

Kingine, kina ni cha WIMA. Tangi liwe jembamba, pana, limeinama, lina bomba la kupindapinda, hesabu kutoka uso wa kimiminika kwenda chini wima tu. Na kwenye bomba la umbo la U, chagua nukta mbili zilizo usawa mmoja NDANI ya kimiminika kilekile kilichoungana, hapo presha ni sawa. Mafuta ya 800 yenye urefu sentimita 20 yanabebwa na maji sentimita 16 ya upande wa pili, kwahiyo nyuso mbili zinapishana sentimita 4.

Kisiki:

Naongezea kwenye yuniti, hapa ndo alama zinaondoka bure. Gramu 1 kwa sentimita ya ujazo ni sawa na kilo 1000 kwa mita ya ujazo, hiyo iwe kichwani. Mita moja ya eneo ni sentimita 10000 za eneo, sio 100. Mita moja ya ujazo ni sentimita za ujazo milioni moja. Na kwenye jeki ya haidroliki wanapenda kukupa kipenyo badala ya eneo: pistoni ndogo kipenyo sentimita 4, kubwa sentimita 40, kani inaongezeka mara 100 na sio mara 10, kwasababu eneo linafuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe. Ila hupati nishati ya bure, ndogo ikishuka sentimita 100 kubwa inapanda sentimita 1.

tone_la_mvua:

Asanteni sana, la pili nimelielewa mpaka mwisho. Swali moja la nyongeza kuhusu kuelea. Kitu kinachoelea ujazo gani natumia, na je barafu inayoelea kwenye glasi ya maji ikiyeyuka maji yanapanda au yanashuka? Nimesikia majibu yanayopingana.

fundi_namba:

Kwenye kuelea, msukumo wa juu ni sawa na uzito wa kitu CHOTE, ila ujazo unaohesabika ni wa sehemu iliyozama TU. Zilinganishe hizo mbili unapata sehemu iliyozama ni densiti ya kitu gawanya kwa densiti ya kimiminika. Ubao wa 600 kwenye maji unazama asilimia 60. Barafu ya 920 kwenye maji baridi yasiyo na chumvi inazama asilimia 92, kwenye maji ya bahari ya 1025 inazama karibu asilimia 90.

Majibu yanapingana kwasababu watu hawasemi ni maji gani na barafu ina nini ndani. Barafu safi kwenye maji yasiyo na chumvi: gramu 100 zinasukuma gramu 100 za maji, zikiyeyuka zinakuwa gramu 100 za maji, zinajaza tundu lilelile. Uso wa maji haubadiliki. Kwenye maji ya chumvi gramu 100 za barafu zinasukuma gramu 100 za maji ya chumvi, ambayo ni sentimita za ujazo 97.6 tu, zikiyeyuka zinakuwa 100, kwahiyo yanapanda kidogo.

Nyenyere:

Na ndani ya barafu kukiwa na jiwe yanashuka. Sema barafu gramu 460, yani sentimita za ujazo 500, na jiwe la gramu 25 lenye ujazo 10. Kabla: vyote vinaelea, jumla gramu 485, vinasukuma maji ujazo 485. Baada: barafu imekuwa maji ujazo 460, jiwe limezama chini linasukuma ujazo wake tu, 10, jumla 470. Umepungukiwa 15. Chombo kikiwa na eneo la sentimita 100 za eneo uso unashuka milimita 1.5. Jiwe likielea linasukuma maji kwa uzito wake, likizama linasukuma kwa ujazo wake, tofauti yote iko hapo.

Badilisha sasa, toa jiwe weka kizibo cha koki chenye ujazo 10 na masi gramu 2.5, barafu ileile. Tuambie nini kinatokea.

tone_la_mvua:

Kabla: 460 jumlisha 2.5, vinasukuma 462.5. Baada: maji ya barafu 460, koki haizami, inaelea, kwahiyo bado inasukuma kwa uzito wake yani 2.5 na sio 10. Jumla 462.5. Uso unabaki palepale.

Nyenyere:

Ndo hivyo. Rudia hilohilo kwenye maji ya chumvi ya 1025, koki na kila kitu, alafu weka hesabu hapa tuione.